Fedha za zahanati ni za ubalozi, si za JICA

Mtu akiona zahanati ya kijiji iliyojengwa kwa msaada wa Japani, mara nyingi husema imejengwa na JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la serikali ya Japani. Hapana, zahanati ya namna hiyo haikujengwa na JICA. Misaada midogo ya madarasa, mabweni na zahanati hutolewa na Ubalozi wa Japani wenyewe, chini ya mpango ambao Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iliuanzisha mwaka 1989, na balozi hutia saini mkataba moja kwa moja na halmashauri au asasi iliyoomba. Shirika la JICA hutekeleza miradi mikubwa inayokubaliwa baina ya serikali mbili, kama barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, na ndilo linaloleta wale walimu na mafundi wa kujitolea ambao Tanzania imewapokea tangu mwaka 1967. Watu huchanganya kwa sababu bendera ya Japani kwenye kibao cha mradi ni ileile.

Nalifahamu hili kwa kuwa niliwahi kushiriki kuandaa maombi ya bweni la wasichana, na kazi iliyotuchelewesha kuliko zote ilikuwa kukusanya makadirio ya bei ya mabati, saruji na nondo kutoka kwa wazabuni watatu tofauti. Lakini zingatieni kwamba msaada huu hulipia majengo na vifaa, wala haulipi mishahara wala dawa, kwa hiyo kijiji kinachoomba zahanati lazima kwanza kipate uhakika wa halmashauri kwamba mganga na muuguzi watapangwa pale.