Usiitie ndimu sakafu ya marumaru

Barua tano nilizopata mwezi huu kutoka Malindi na Lamu zinahusu sakafu za marumaru zilizochakaa. Nimezifupisha, nami nazijibu kwa jinsi ninavyozijua sakafu hizi baada ya miaka mingi ya kupiga magoti juu yake.

Fundi, salamu. Tumehamia nyumba ya zamani huku Casuarina, Malindi, iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Marumaru yake nyeupe imekuwa ya kijivu na inanata miguuni. Jirani anasema niimwagie siki na ndimu, kisha nisugue. Ni sawa?

Hapana, dada yangu, hata tone usimwage. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa kwa joto na kugandamizwa ndani ya ardhi. Asili yake ni moja na ya matumbawe ya kuta zetu na ya chokaa tunayochoma: kalisiamu kaboneti. Ndimu, siki, ukwaju na ile dawa kali ya choo vyote vina asidi, na asidi ikigusa jiwe hili hulila. Uchafu utatoka kweli, lakini utatoka pamoja na ngozi ya jiwe. Litakalobaki ni baka lililofifia ambalo hakuna sabuni ya kuliondoa, maana si uchafu tena. Sakafu zilizoniuma zaidi katika kazi hii si zile zilizotelekezwa. Ni zile zilizosuguliwa kwa dawa ya choo na mtu mwenye nia njema.

Anza na mchanga. Fagia kwa ufagio laini mara mbili au tatu, hasa kwenye pembe na chini ya milango. Katika kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, marumaru ina 3 na chembe za kwatsi zilizomo mchangani zina 7. Kwa hiyo ukipiga deki juu ya mchanga, unaipiga sakafu msasa.

Kisha ndoo mbili. Moja iwe na maji vuguvugu lita 5 na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na ndimu. Nyingine iwe na maji matupu ya kusuuzia. Epuka sabuni ya unga, huacha utando. Maji ya kisima yenye chumvi pia usiyatumie kusuuza, tafuta ya mfereji au ya mvua. Osha kipande cha mita moja kwa mita moja, suuza, kausha kwa kitambaa, ndipo usogee. Maji yakiwa meusi yabadilishe hapo hapo, la sivyo unaupaka uchafu upya.

Kule kunata kunanifanya nishuku polishi. Kwangua kwa ukucha penye kona: ukitoka na kitu laini cha manjano, hiyo ni nta ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, imeshika vumbi. Sabuni ya kawaida haitaiweza. Nunua dawa ya kuondolea polishi inayofaa mawe, isiyo na asidi, ijaribu kwanza nyuma ya mlango, kisha suuza mara mbili. Huenda chini yake ukakuta sakafu nzima kabisa.

Na tafadhali, usichanganye jiki na siki wala na dawa ya choo. Mvuke wake ni sumu ya mapafu.

Asalaam aleikum. Niko Mkomani, Lamu. Nyumba tuliyorithi kwa bibi ina sakafu nyeupe ngumu, iliyosagika na kung'aa kwa kukanyagwa. Ndugu zangu wanasema ni marumaru, mimi sina hakika. Nitajuaje?

Waaleikum salaam, mwanangu. Wengi hujaribu kwa tone la ndimu: likitoa povu, wanasema ni marumaru. Kwa Lamu jaribio hilo halitakusaidia, kwa sababu chokaa nayo hutoa povu vilevile. Tumia macho. Marumaru huja kwa mabamba, kwa hiyo utaona viungo vilivyonyooka, na ndani ya bamba mishipa inayopita kama moshi. Sakafu ya chokaa haina viungo. Imemwagwa na kupigwa ikawa kitu kimoja, na ukichungulia palipomeguka utaona vipande vya matumbawe.

Kama chumba kiko orofani juu ya boriti za mikoko, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni chokaa. Basi usiimwagie maji kabisa. Chokaa hunywa, maji hushuka hadi kwenye boriti, na boriti ikioza hakuna sakafu tena. Fagia, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na palipomeguka paziba kwa chokaa. Simenti ni ngumu mno, itaivuta na kuipasua.

Nakuomba pia msikubali mtu aje aing'oe ili aweke vigae vipya. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sakafu kama hiyo ni sehemu ya kilichouweka pale. Kabla ya kugusa chochote kikubwa, zungumzeni na watu wa Makumbusho.

Tulifanya harusi nyumbani, Malindi. Hina ilimwagika kwenye marumaru, na jikoni kuna doa la zamani la mafuta. Nimesugua hadi mikono imechoka.

Acha kusugua, mama. Rangi imeshaingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na kazi sasa ni kuinyonya itoke. Kwa mafuta, changanya bekingi soda, ile ya kuumulia mandazi, na maji kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Paka unene wa nusu sentimita, uvuke ukingo wa doa kidogo. Funika kwa karatasi ya nailoni, toboa matundu machache ya sindano, acha siku moja au mbili hadi ikauke. Ikikauka hunyonya mafuta kutoka ndani. Iondoe kwa kipande cha mbao au plastiki, suuza, utazame. Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara tatu, hata nne.

Kwa hina, badala ya maji tumia haidrojeni paroksaidi ya duka la dawa. Vaa glovu. Kama marumaru yako ni ya rangi ya giza, jaribu mahali pa siri kwanza, kwani inaweza kuipausha.

Miguu ya kitanda cha chuma imeacha duara za kutu. Dawa gani?

Kutu ndilo doa gumu kuliko yote. Dawa nyingi za kutu za madukani ni asidi, kwa hiyo uziache. Ipo dawa maalumu ya kupaka kwa ajili ya mawe. Mpe kazi hiyo fundi wa mawe, na leo hii weka vipande vya mpira chini ya miguu ya kitanda.

Fundi mmoja anataka kuisaga sakafu yetu kwa mashine ili ing'ae upya. Na kila baada ya masika kuna unga mweupe unaotokea chini ya ukuta. Nimkubalie?

Kusaga ndiyo njia ya pekee ya kurudisha mng'ao ulioliwa na asidi au mchanga. Muulize anatumia nini. Jibu zuri ni diski za almasi kwa maji, akianza na namba ndogo zinazokwaruza na kupanda hatua kwa hatua, kama 200, 400, 800, 1500 hadi 3000. Anayeruka hatua huacha mikwaruzo chini ya mng'ao. Anayetaka kupaka tu kitu cha kung'arisha anakuuzia utando. Mwambie akuonyeshe kwenye mita moja nyuma ya mlango kabla ya kukubaliana bei.

Lakini asianze sasa. Unga huo ni chumvi: maji yanapanda kutoka ardhini, yanakauka juu, chumvi inabaki. Akisaga na kupaka dawa ya kuziba, unyevu utafungiwa chini na jiwe litaanza kumeguka kwa ndani. Ufagie ukiwa mkavu, bila maji, na mtafute maji yanakoingilia. Tazama mfereji wa paa unakomwagia, bomba la bafuni, na udongo wa bustani uliolundikana ukutani kwa nje. Yakizibwa, subirini hadi masika yajayo yapite bila unga kutokea, ndipo mumwite fundi.