Kwa nini saa isiyo na betri husimama
Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kwa nini saa ya marehemu baba yako, isiyo na betri na yenye kitu kinachozunguka ndani ukiitikisa, husimama kila ukiiacha mezani Jumamosi na Jumapili. Haijaharibika. Ndani mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma ambao ukishakazwa hujilegeza polepole na kuyasukuma magurudumu yenye meno, huku gurudumu la mizani likiyumba kwenda na kurudi na kuyaruhusu kusogea jino moja moja. Huo ndio mlio unaousikia ukiiweka sikioni. Saa za kutia ufunguo hukazwa kwa kifundo cha pembeni, nawe huacha mara kinapogoma. Yako hujikaza yenyewe: kile kinachozunguka ni kipande kizito cha nusu duara, ambacho huikaza kamani kila mkono unapotembea. Nilipoitazama yangu hapa Mbeya kupitia kioo cha mgongoni, kilizunguka hata nilipoiinamisha kidogo tu. Nyingi hudumu takriban saa 40 bila kuvaliwa. Jumatatu zungusha kifundo mara 20 hivi, au itikise taratibu ikiwa hakikazi, kisha uivae. Nakusihi, usikubali fundi aibadilishe iwe ya betri.