Jana INFP, leo ISFP: sasa mimi ni nani?

"Shikamoo mwalimu. Nilifanya kipimo cha haiba kwenye simu nikatoka INFP. Nikasoma kwamba watu wa aina hiyo hawawezi kazi za foleni, nikaikataa kaunta ya wakala wa pesa pale Ngamiani. Juzi nimerudia kipimo, nimetoka ISFP. Mimi ni yupi hasa?"

Marahaba mwanangu wa Makorora, hapa Tanga. Ujumbe wako umeniuma, na sikulaumu wewe. Lawama ni zetu tunaofundisha mambo haya kwenye semina, tunagawa herufi kama kadi za harusi, kisha tunakunja mikeka.

Katika kipimo hicho kila herufi ni upande mmoja kati ya pande mbili. Herufi iliyobadilika ni moja tu: N (anayetazama mawazo na picha pana) imekuwa S (anayeshika yanayoonekana na kugusika). Rudi kwenye ukurasa wa matokeo, tazama asilimia zilizo kando ya kila herufi. Usishangae kukuta N ya mwanzo ilikuwa 53 na S ya sasa ni 52. Wewe hukubadilika, umevuka mstari tu. Chukulia barabara za namba za Ngamiani. Mtu aje achore mstari kati ya Barabara ya 10 na ya 11, aseme wa huku wote ni aina moja na wa kule aina nyingine. Wa Barabara ya 11 ataambiwa hana undugu na jirani yake wa 10, ila anafanana na mtu wa 20. Ndivyo vipimo vya aina vinavyofanya kazi, na watu wengi hukaa katikati, si mwishoni mwa mji.

Herufi hizo nne zilitungwa na Isabel Briggs Myers na mama yake Katharine Briggs, Wamarekani ambao hawakusomea saikolojia, kutokana na kitabu cha mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, cha mwaka 1921. Zile hulka nne za mahubirini, sangwini (mchangamfu), koleriki (mwepesi wa hasira), melankoli (mwenye huzuni) na flegmatiki (mtulivu), ni kongwe zaidi. Zinatoka kwenye tiba ya Kiyunani ya damu, nyongo mbili na belghamu, ileile aliyoiendeleza tabibu Ibn Sina. Ni lugha nzuri ya kuanzia mazungumzo. Kuitumia kukataa kazi ni jambo jingine.

Na usiniambie "lakini maelezo yalinigusa mwalimu, yalikuwa mimi kabisa." Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha akampa kila mmoja "matokeo yake". Wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, na maneno mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota cha mtaani. Sentensi kama "wakati mwingine unachangamka, wakati mwingine unajitenga" inamwingia kila mtu, hata muuza samaki wa Deep Sea.

Kwa hiyo acha herufi, chukua namba. Kipimo ninachokupendekezea kinaitwa Mini-IPIP, kilichapishwa mwaka 2006, kina sentensi 20 na ni cha bure. Kinapima sifa tano: uchangamfu, upole kwa watu, utaratibu, wepesi wa kuvurugika moyo, na ubunifu wa fikra. Kila sifa ina sentensi 4. Unajijibu kuanzia 1, "si mimi kabisa", hadi 5, "ndiye mimi hasa".

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sentensi 11 kati ya 20 zimegeuzwa, na jibu lake hutolewa kwenye 6. Chukua utaratibu. "Kazi za nyumbani nazifanya papo hapo": umejipa 2, inabaki 2. "Mara nyingi nasahau kurudisha vitu mahali pake": umejipa 4, unaandika 6 toa 4, yaani 2. "Napenda mpangilio": 5. "Navuruga mambo", nayo imegeuzwa: umejipa 3, unaandika 6 toa 3, yaani 3. Jumla 12, kwenye sifa inayoanzia 4 na kuishia 20. Uko katikati. Usipogeuza, jumla inakuwa 14, na mtu anayekubali kila sentensi kwa adabu (na sisi watu wa pwani adabu tunayo) anajikuta na 20 asiyostahili.

Tatizo la pili ni tafsiri. Sentensi ya kwanza ya uchangamfu inauliza kama wewe ndiye unayechangamsha pati. Pati ipi? Ukijibu kwa kufikiria sinema, utajipa 1. Jiulize kwenye shughuli, siku ya kumtoa mwari, wewe uko wapi? Kama ni mwanamume, barazani baada ya Alasiri unasikika au unasikiliza? Jibu kwa mahali unapoishi.

Usijaze siku ya msiba, wala saa kumi jioni ya Ramadhani tumbo likiunguruma. Jaza asubuhi moja ya kawaida, funga karatasi, rudia baada ya wiki tano bila kuchungulia ya kwanza. Sifa iliyotofautiana pointi 1 au 2 ichukulie kuwa ileile. Ikiruka 5, ama ulijaza vibaya au ulijaza vile unavyotamani kuwa. Hilo la kutamani ndilo ugonjwa mkubwa.

Baada ya hapo daftari, siku 14, mistari mitatu kila usiku: kilichotokea, ulichofanya, na ulijisikiaje kwa namba 1 hadi 5. Usiandike "leo nilikuwa mpole", hiyo ni hukumu. Andika hivi: "Jumamosi, shughuli ya jirani. Nilikaa jikoni na wapishi sita, nikaongea na wote, nikamenya viazi ndoo mbili. Nimerudi na 4." Siku inayofuata: "Ukumbini, watu wengi, nilikaa nyuma. 2." Umeona? Mtu huyu haogopi watu. Anachoka na ukumbi. Hakuna herufi itakayomwambia hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi. Kaunta ya wakala ni mteja mmoja mmoja dirishani. Inafanana na jiko kuliko ukumbi.

Tafuta pia watu watatu wakujazie: mmoja wa nyumbani, mmoja uliyewahi kufanya naye kazi, mmoja rafiki wa zamani. Usiwaulize "mimi nikoje?" Hapa Tanga utaambiwa "mpole, una heshima," ukakaribishwa chai na mahamri, basi. Wape sentensi zilezile 20, "mimi" ikawa "yeye". Wakitofautiana nawe pointi 4 au zaidi kwenye sifa moja, hiyo ndiyo ya kukaa nayo.

Kisha unachagua jambo moja, tena dogo, la kufanya wiki nne. "Nitakuwa mchangamfu" haifanyiki, kwa kuwa haina saa wala mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha nguvu ya mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile". Mfano: "Mteja akisimama dirishani, nitamsalimu kabla hajataja namba." Au kwa asiye na utaratibu: "Nikimaliza kuhesabu floti, nitaandika kabla sijainuka." Weka alama daftarini kila ukifanya. Ukishindwa siku tatu mfululizo, mpango ni mkubwa mno, ukate nusu.

Hata hizo sifa tano si msahafu. Utafiti wa mwaka 2013 kwa Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, haukuziona zikijipanga vizuri kama zinavyojipanga kwa wasomi wa Ulaya na Marekani. Na namba yenyewe husogea na umri: kuanzia miaka ya ishirini watu wengi huongeza utaratibu na upole, hupunguza kuvurugika. Kwa hiyo anayesema "mimi koleriki, ndivyo nilivyoumbwa, nivumilieni" anawatesa watoto wake kwa jina la nyongo. Na wanaovunja uchumba kwa sababu herufi hazilingani, mola awasamehe.

Wewe binti, pita tena pale kaunta. Kama hawajapata mtu, omba Jumamosi mbili za majaribio, asubuhi tu. Jioni andika mistari yako mitatu. Ukija kwangu njoo na daftari, kipimo kibaki kwenye simu.