We unayeanza kutembeza wageni Rungwe, njoo tuongee kidogo

Mambo wadogo zangu. Siku hizi naona Tukuyu kila kijana mwenye bodaboda na simu nzuri anataka kupeleka wageni ziwa Ngozi, na sio vibaya, hela ipo ila sio ya Arusha, msidanganyane. Mi naanza hii kazi nilikuwa na kiingereza cha kuombea maji tu, nikajua kazi ya gaidi (ndio, najua hilo neno lina maana nyingine, kuna trafiki alishanicheka) ni kukariri urefu wa mlima na majina ya ndege. Kumbe vile ndo vitu rahisi kuliko vyote.

Nilikosea msibani. Nilikuwa na wageni wawili, tunatoka kuangalia Daraja la Mungu kule Kiwira, njiani tukakuta msiba wa mzee mmoja mkubwa, na msiba wa Kinyakyusa mnaujua, watu wamejaa, ngoma zinalia, masufuria yako jikoni, mgeni anaona kama sherehe. Mmoja akatoa kamera akaanza kupiga. Mi nikanyamaza, nikajiambia si ndo mteja, nikimkataza atakasirika na kesho halipi vizuri. Akaja mzee, hakunigombeza hata kidogo, akaniangalia tu akaniuliza, "Mwanangu, wewe wa kwa nani?" Aisee bora angenizaba kofi. Nikataja kwetu, akasema babu yako namfahamu, akageuka akarudi kukaa. Kesho yake nikarudi peke yangu na rambirambi na kuomba samahani, wale wageni wenyewe washapanda ndege zao, mi ndo nilibaki nakutana na hao watu sokoni kila wiki.

Kwahiyo sasa hivi nikikuta msiba tunasimama mbali, kamera zinaingia begini, naenda mi kwanza kusalimia na kutoa pole. Tukikaribishwa tunakaa kidogo, tukiona haifai tunapita kimya kimya.

Picha za kawaida nazo ni hivyo hivyo, uliza kwa mdomo. Mama kabeba mkungu wa ndizi kichwani anapanda mlima, hawezi hata kugeuka, we unamruhusu mgeni ampige halafu unamwambia ametabasamu! Akisema hapana mwambie mgeni hapana, usianze kulainisha eti anaona aibu. Na salamu usiiruke hata kama mmechelewa, mgeni mfundishe "ugonile" asubuhi na "ndaga" ya kushukuru, hayo maneno mawili yanafungua milango kuliko ile kofia yako ya kampuni.

Pipi kwa watoto piga marufuku kabisa. Ukigawa leo, safari ijayo watoto thelathini wanakimbia nyuma ya gari saa nne asubuhi wakati walitakiwa wawe darasani. Mgeni mwenye madaftari mpeleke kwa mwalimu mkuu, yamalizike hapo.

Kuna kitu wengi mnakosea, mnajifanya mnajua kuliko wenyeji. Chukua kipunji, yule kima wa msitu wa Rungwe. Wataalamu walimwona 2003, wakamtangaza 2005 kwamba ni mpya, dunia nzima ikashangaa, lakini walianza kumtafuta sababu wawindaji wa huku walishakuwa wanamtaja, na jina lenyewe la huku huku. Sasa mzee akikusimulia habari za ziwa Ngozi na mambo ya wakubwa zamani, sikiliza mpaka amalize, usimkatishe mbele ya wageni kwa kitu ulichosoma jana kwenye simu.

Kitulo hivyo hivyo. Ni hifadhi ya taifa toka 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, maua yake ni kipindi cha mvua, na mgeni akifika anataka kulala katikati ya maua apigwe picha. Mkatalie. Akikuuliza habari za chikanda, ile mizizi ya okidi iliyokuwa inachimbwa na kuvushwa mpaka Zambia, mweleze kwamba watu walikuwa wanatafuta ada za watoto, usiwatukane ndugu zako ili we uonekane mstaarabu.

Mizigo nayo kwa kifupi tu, Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unapimwa getini, kilo 20 mwisho. Huku kwetu vijiji vingi hakuna mizani, mizani ni wewe. Njia ya Ngozi ikinyesha ni sabuni tupu, na Tukuyu ni lini hainyeshi, usimbebeshe dogo mabegi matatu ili ubane hela ya mtu wa pili.

Halafu chakula. Mwambie mama siku moja kabla, sio unampigia saa sita mchana una watu sita wanataka mbalaga, zile ndizi za kupikwa za huku. Lipa bei aliyotaja yeye, mkononi mwake, mgeni anaona, na ile tabia ya kumkata cha juu kwenye sahani acheni jamani, wanajua, wananyamaza tu. Mi nina mama mmoja kule Isongole, mwanzoni alikuwa hata haniangalii sababu kuna mwenzetu alimkopa akapotea nayo. Ilinichukua msimu mzima. Sasa hivi nikipita bila wageni ananiita ndani, ananimiminia chai, halafu ananiuliza wageni nimewakosea nini.