Uliza Fundi: Pesa ni Kidogo, Nianze na Kipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nafundisha shule ya msingi, nakaa Nyegezi, Mwanza. Nina Corolla ya mwaka 1999, limeshatembea kilomita 214,000. Nikikanyaga breki linalia kwi-kwi, na nikipita kwenye mawe mbele kunagonga. Gereji wameniandikia pedi, diski, tairi nne, shokapu nne, bojointi na bushi zote. Bei inazidi mshahara wangu wa mwezi. Kweli vyote vimekufa siku moja? Nikipata pesa ya vitu viwili tu, nianze na vipi?
– Mwalimu, Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Siwezi kusema orodha hiyo ni ya uongo, maana sijalala chini ya gari lako. Lakini karibu kila kilichoandikwa humo kina dalili ya kuona kwa macho au kushika kwa mkono. Rudi ukaonyeshwe kimoja kimoja. Fundi anayejua kazi hakasiriki mteja akiinama kutazama; mimi huwa namshikia tochi.

Anza na huo mlio. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski na kulia nyama ya pedi ikikaribia kuisha. Pedi mpya huwa na nyama ya milimita 10 hivi. Ikibaki 3, badilisha. Wavue tairi, uangalie pedi zote mbili, ya nje na ya ndani, kwa sababu ile ya ndani ndiyo hufichika, na pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, zikikauka inaweza kubaki chuma kitupu wakati ya nje bado nene. Siku kwi-kwi itakapogeuka kuwa kwaruu-kwaruu, ujue chuma kinakula chuma. Hapo usiende hata Mkuyuni.

Diski usikubali kubadilisha kwa maneno. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umegongwa kwenye diski yenyewe, pembeni au karibu na nati, kwa milimita. Fundi aipime kwa vernia, kile kipimo cha unene, mbele yako. Kama bado iko juu ya namba hiyo, haina ufa wala mifereji ya kukwaruza ukucha, na pedali haitetemeki ukikanyaga, iache.

Halafu fungua boneti utazame kikopo cha oili ya breki. Pedi zikiisha, oili hushuka yenyewe kwa sababu pistoni zimesogea mbele. Wengi wakiona imeshuka huongeza, na ile dalili inapotea. Usiongeze kabla ya kuangalia pedi na kuhakikisha hakuna panapovuja. Ikiwa imekuwa nyeusi kama chai ya rangi, imwagwe yote. Oili hii hunyonya unyevu wa hewani, na ikishakuwa na maji huchemka mapema breki zikipata moto. Kila miaka miwili inatosha. Na ukiwa umesimama, mguu umekaza, pedali ikazama taratibu bila oili kuvuja nje, tatizo ni mastasilinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Pedi mpya hazitakusaidia.

Sasa hiyo inayogonga. Hapa nakuomba unisikilize sana. Shokapu iliyochoka inakuchosha na inaongeza umbali wa kusimama, lakini bojointi, kile kiungo cha chini kinachoshikilia gurudumu, ikichomoka gurudumu linakunjika na gari halina usukani tena. Mwaka 2008 mteja aliniambia mbele kunagonga, nami nikamjibu aje wiki ijayo. Bojointi yake ilichomoka karibu na Buhongwa siku ya nne. Alikuwa mwendo mdogo, akaishia mtaroni akiwa mzima, lakini yule baba alikuwa na watoto wawili nyuma. Tangu siku hiyo gari linalogonga mbele haliondoki kwangu kabla sijaliinua.

Kupima ni hivi: gari linyanyuliwe na jeki hadi gurudumu lining'inie, stendi ikiwa chini ya gari. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, ni bojointi au beringi, na mwenzako akitazama chini ataona ni ipi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hivyo, shuku tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Fundi atie pia mtaimbo chini ya bojointi, aikweze. Mpira wake ukiwa umepasuka na grisi imeshatoka, hiyo haina muda mrefu hata kama haijaanza kucheza.

Shokapu zisizovuja oili zinaweza kusubiri. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie: likipanda, likashuka na kutulia, iko hai. Likiendelea kunesa, imekwisha. Zibadilishwe jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma.

Tairi ziache zijieleze zenyewe. Zikilika ukingo wa ndani tu, kosa ni alaimenti, yaani magurudumu hayajakaa sawa, au bushi, ile mipira ya viungo vya chini, na ukifunga mpya leo zitalika vilevile. Zikilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Zikilika katikati, ulizidi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya milimita 1.6, ganda likilingana navyo, tairi imekwisha. Ukiweza kununua mbili tu, zifunge nyuma. Najua wengi watakubishia, ila nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji ni vigumu mno kuirudisha.

Kwa hiyo pesa ya vitu viwili: pedi za mbele pande zote, na bojointi ikithibitika. Tairi kipara zikiwepo zifuate mara moja, kabla ya mvua. Bushi na shokapu zitakuja baadaye. Na spea za zamani udai uondoke nazo mkononi.

SWALI: Fundi, napakia samaki soko la Mwaloni kwa Probox, napeleka Sengerema. Nimenunua tairi za mtumba zenye ganda nene kabisa, moja imepasuka njiani. Na nikiosha gari ziwani breki za nyuma hazishiki. Nimekosea wapi?
– Dereva, Kirumba

JIBU: Kijana wangu, ganda nene si ujana. Tazama ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Iliyofikisha miaka 10 usiipakie mzigo hata kama inang'aa, na yenye nyufa ubavuni usingoje miaka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hamsubiri tena kivuko, tairi hazipoi njiani. Mzigo mzito, upepo mdogo na mwendo vikikutana, tairi kuukuu inachemka hadi kupasuka. Pima upepo asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Breki za nyuma ni dramu, yaani viatu vya breki ndani ya ngoma ya chuma, na maji yakiingia hushindwa kushika. Ukitoka ziwani nenda polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke, ndipo uingie lami. Zisiposhika hata zikikauka, fungua dramu: mchanga wa ufukweni humo ndani hula viatu vya breki haraka.