Kivimbe kwenye titi: usiondoke na jibu la vidole, dai jibu la kinyama

Juzi usiku binti wa jirani kaja kugonga kwangu analia. Alikua anaoga, kapitisha mkono kwenye titi la kushoto akakutana na kitu kigumu kama kokwa ya zambarau, na mpaka anafika kwangu ilikua siku ya nne na tayari ana majibu matatu, mama yake kamwambia ni homoni zitaondoka zenyewe, shoga yake kamwambia kwa vile hakiumi basi ndo kansa yenyewe hiyo, na duka la dawa wamempa amoksilini ameze siku saba. Nikamwambia mdogo wangu hayo yote matatu weka pembeni kwanza, hakuna hata mmoja wao aliyeona kilichomo ndani. Nikamweleza nilivyoelezwa mimi, na nimeona bora niandike hapa kwa urefu maana nikiongea na mtu mmoja mmoja kila siku nasahau kitu.

Mwaka 2021 nikiwa na miaka 31 na mimi nilipata cha kwangu, upande wa kulia, juu kidogo kuelekea kwapani, ukikibonyeza kinateleza kinakimbia. Ila siwezi kuanza na changu nikaacha cha dada yangu, binti wa mama mkubwa, kwa sababu chake ndo kilichonifungua macho.

Dada alianza kukiona 2019 akiwa ananyonyesha. Pale alipoenda wakamwambia maziwa yameganda, akapewa antibaiotiki, hakikupungua, akapewa nyingine, wakasema ni jipu, akaanza sindano, ikapita miezi saba hivi hivi. Ni kweli mama anayenyonyesha anapata jipu la titi na maziwa kuziba, hawakutunga, lakini jipu linakua na joto, linauma, na likitibiwa vizuri linanywea ndani ya siku chache. Kitu kilichomaliza dozi mbili na bado kipo palepale sio cha kupewa dozi ya tatu jamani, ni cha kupigwa ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama, yani kipande kidogo cha uvimbe wenyewe kinachotolewa kikapimwe maabara. Hakuna aliyemwambia. Siku ngozi ya titi ilipoanza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa ndo mtu akashtuka.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilianzisha mpango wa dunia nzima wa saratani ya matiti, na moja ya malengo yake ni kwamba toka mwanamke afike kituo cha afya na dalili mpaka apate jibu kamili zisizidi siku 60. Dada yangu alitumia zaidi ya 200. Naomba hiyo 60 muishike, sio kwa ajili ya kugombana na madaktari, bali kwa ajili ya kuhesabu wenyewe, siku ulipoenda mara ya kwanza iandike kwenye kalenda na ikifika mwezi hujaambiwa jina la ugonjwa wako anza kuuliza kwa sauti.

Sasa twende kwenye kupima kwenyewe, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapotea. Daktari aliyeniona mimi alinichorea kwenye karatasi mistari mitatu. Wa kwanza ni mkono, yani anakupapasa titi zote mbili na makwapa na kukuuliza historia, mama yako, shangazi zako, umezaa, umeanza kukiona lini. Wa pili ni picha, kwa wasichana na wanawake wa umri mdogo mara nyingi ni ultrasaundi kwa sababu titi lao limejaa tishu nzito na mamogramu haioni vizuri humo, kwa waliofika arobaini kwenda juu mamogramu inafanyika na mara nyingi ultrasaundi pia inaongezwa. Wa tatu ni kinyama kinachoenda maabara ya patholojia, wale wanaochunguza tishu kwa hadubini. Akaniambia hii mistari mitatu lazima ikubaliane, mkono ukisema hapana shida, picha ikisema hapana shida na kinyama kikisema hapana shida basi lala usingizi, ila picha ikisema ina wasiwasi halafu kinyama kikasema safi usifurahi upesi, inawezekana sindano ilikosa sehemu yenyewe, kinyama kinarudiwa. Hicho cha mwisho ndo nimekiona kina thamani kuliko vyote na ni kitu ambacho mgonjwa anaweza kuuliza mwenyewe bila kusomea udaktari: dokta, vipimo vyangu vitatu vinakubaliana?

Kwenye ripoti ya picha mtakuta herufi BI-RADS na namba, hiyo namba ndo inaonesha ukubwa wa wasiwasi. Yangu iliandikwa 3, maana yake inaonekana sio saratani, uwezekano wa kuwa saratani haufiki zaidi ya 2 kwa 100, na 4 ni kwamba kuna wasiwasi kinyama kinatakiwa, na 5 ni wasiwasi mkubwa sana. Wapo wanaopewa 3 wakaambiwa warudi baada ya miezi sita kupigwa picha tena na hiyo ni njia halali kabisa. Mimi kwa sababu ya yaliyomkuta dada niliomba kinyama na daktari akakubali.

Naelezea kilivyochukuliwa kwa sababu najua wengi mnaogopa hapa. Nililala chali, mkono nyuma ya kichwa, wakapaka dawa ya kuua vijidudu ya baridi, ikaja ganzi ambayo inachoma kama siafu kwa sekunde chache halafu basi. Daktari akashika kile kipimio cha ultrasaundi mkono mmoja na mkono mwingine sindano nene yenye springi, akaniambia utasikia mlio usishtuke, ikalia ta! kama stepla, akatoa. Mara nne. Nilivyogeuza kichwa nikaviona kwenye karatasi nyeupe, vipande vyembamba vyeupe vyeupe mithili ya tambi zilizokatwa. Nilitembea mwenyewe kwenda kituo cha daladala. Kuna sindano nyembamba pia ambayo inafyonza seli tu, ni rahisi na ina haraka, inasaidia hasa kwenye vivimbe vya maji, lakini yenyewe haiwezi kuonesha kama seli mbaya zimevunja ukuta zikavamia jirani, sindano nene inatoa kipande chenye mpangilio wake na hicho ndo mtaalamu anakisoma vizuri.

Halafu kuna hii habari ya chombo, naomba msiipite. Sehemu nyingi kwetu ndugu wa mgonjwa ndo anakabidhiwa kinyama apeleke maabara mwenyewe, na dada yangu ndivyo ilivyokua, Ijumaa mchana akapewa kikopo, maabara imeshafunga, kikopo kikakaa juu ya friji nyumbani mpaka Jumatatu. Kumbe ndani waliweka maji ya dripu, sio formalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama. Jibu likarudi kwamba tishu imeharibika, akachomwa tena upya, wiki tatu nyingine zikaenda. Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kuoza kama nyama yoyote buchani, formalini ndo inakigandisha kibaki kilivyo, na inatakiwa kiingie humo ndani ya saa moja, na kwa vile vipimo vya homoni nitakavyosema hapa chini kinatakiwa kikae kwenye hiyo dawa masaa 6 mpaka 72, sio pungufu sio zaidi. Dawa iwe nyingi kukizidi kinyama mara kumi hivi, kielee, sio kilowane tu. Kwa hiyo ukikabidhiwa kikopo uliza, sista hii ni formalini? Imeandikwa jina langu, upande wa titi, tarehe na saa? Mimi niliuliza na sista akaniongezea dawa bila hata kununa.

Jibu langu lilikuja faibroadenoma, uvimbe usio saratani unaowapata sana wasichana na wanawake wa miaka ya 15 mpaka 35. Ile ya kawaida haigeuki kuwa saratani na sio lazima kukatwa. Nimerudia ultrasaundi kila baada ya muda niliopangiwa na kimebaki sentimita 2. Nimeambiwa kikianza kukua kwa kasi kitolewe, kwa sababu kuna uvimbe mwingine unaitwa filodesi ambao unafanana nacho sana na wenyewe unakua haraka na hauachwi.

La dada lilikuja saratani. Na hapo ndo nikajua kwamba neno saratani peke yake halitoshi, ripoti inatakiwa iseme na vipokezi vya homoni, yani sehemu za seli ambazo homoni za estrojeni na projesteroni zinashika, na protini nyingine ya seli inaitwa HER2, kwa sababu dawa zinafuata hivyo. Ripoti yake ya kwanza haikua navyo kabisa, tukarudi kuviomba. Estrojeni ikatoka chanya. Ndo maana leo anameza tamoksifeni, inayozuia estrojeni isishike kwenye hizo seli, kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, dawa iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1960 wakitafuta kidonge cha uzazi wa mpango, ikashindwa kwenye hiyo kazi ikaja kuokoa wanawake wa saratani, na ni dawa ya bei ya chini ukilinganisha na wenzake. Kama asingepimwa vipokezi angeandikiwa kwa kubahatisha au angeikosa kabisa.

Wanaosema kisu kikigusa saratani inasambaa wanakosea, ila naelewa hiyo hofu wameitoa wapi. Watu wetu wengi wanafika ugonjwa umeshakwenda mbali, wanachukuliwa kinyama, baada ya miezi wanafariki, na aliyebaki anakumbuka sindano, hakumbuki mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Utafiti unaoitwa ABC-DO uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Nigeria, Zambia, Namibia na Afrika Kusini ulikuta baada ya miaka mitatu ni kama nusu tu walikua hai, na kuchelewa kulikua sababu kubwa.

Na wale wa shuhuda, nilikua na kivimbe nikanywa mizizi kikayeyuka, mi huwa namuuliza mtu swali moja tu kwa upole, majibu ya kinyama yalisemaje? Sijawahi kuoneshwa. Vivimbe vingi vya titi sio saratani toka mwanzo, vya maji vingine vinanyauka vyenyewe, sasa mtu anamshukuru mganga kwa kitu ambacho kingeondoka tu, halafu mwenye saratani ya kweli anasikia ule ushuhuda anaacha hospitali. Hii inaniuma sana, kwa sababu dada yangu naye aliletewa hizo chupa na watu wanaompenda.

Wengine wanaogopa kwamba wakipimwa watakatwa titi. Marekani daktari Bernard Fisher na wenzake walianza mwaka 1976 kulinganisha wanawake waliotolewa titi lote na waliotolewa uvimbe tu, wengine wakaongezewa mionzi, na matokeo ya miaka 20 yaliyotoka 2002 yalionesha waliishi sawa, ila mionzi ilipunguza sana ugonjwa kurudi kwenye titi. Hiyo nafasi ni ya anayefika uvimbe ukiwa mdogo. Dada alikatwa, kwa sababu ya ile miezi saba.

Kuhusu kujipapasa kila mwezi, sitaki mjitese. Shanghai walifundisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, utafiti mzima ulikua na wanawake kama 266,000, na vifo havikupungua, kilichoongezeka ni kuchukuliwa vinyama vya vivimbe visivyo na shida. Ila India, Mumbai, wahudumu waliofundishwa walipowakagua wanawake kwa mikono kila miaka miwili, vifo vya wenye miaka 50 na zaidi vilipungua karibu 30 kwa 100. Kwa hiyo lijue titi lako lilivyo siku zote, ukiona limebadilika, chuchu imeingia ndani, imetoa damu, ngozi imevutika, nenda ukaguliwe na mkono uliofundishwa.

Binti wa jirani alienda ultrasaundi Jumatatu, wameandika 4. Alhamisi anachukuliwa kinyama na nitaenda naye. Nimempa faili la plastiki, ndani nimeweka karatasi yenye maswali ya kikopo na ya vipokezi, na mama yake amesema na yeye anakuja.