Glovu Moja, Vitanda Vitatu

Maswali ya wasomaji safari hii, kuhusu kuzuia maambukizi hospitalini, yametoka mkoani Kigoma, na karibu yote yanahusu mikono.

Namuuguza mama wodini. Nesi alivaa glovu kitanda cha kwanza, akafika nazo kwetu, cha tatu. Nikisema, si nitamharibia mama? (Binti, Ujiji)

Sema tu. Glovu ile inamkinga nesi. Mama yako inamletea vijidudu vya kitanda cha kwanza. Kila mgonjwa na glovu zake, na mikono husafishwa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua, maana glovu hutoboka bila kuonekana. Mwambie: "Shikamoo nesi, naomba ubadilishe glovu kabla hujamshika mama." Akinuna, mwone mfawidhi wa wodi.

Nafanya usafi hospitalini. Sindano iliyokuwa kwenye mfuko wa taka ilinichoma, nikaminya damu itoke. Nilifanya sawa? (Mama wa watoto wawili, Kibondo)

Pole, mama. Kuminya hakusaidii, na jiki usiitie kwenye kidonda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha toa taarifa saa hiyo hiyo, usingoje zamu iishe. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, zikichelewa sana ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Watu wengi huwaza VVU peke yake. Kwa sindano yenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa anaweza kufikia hatari ya 30 kati ya 100. Chanjo yake ipo, dozi tatu, na wewe unayebeba taka unaihitaji sawa na daktari. Idai.

Halafu, sindano ilifuata nini kwenye mfuko? Mahali pake ni boksi la usalama, nalo hufungwa likijaa robo tatu. Aliyeitupa humo ndiye wa kuulizwa, si wewe.

Maji yakikatika tunafanyaje? (Muuguzi, Uvinza)

Ndoo yenye koki na sabuni inatosha. Kitakasa mikono chenye spiriti nacho kinafaa, sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe, ila si kwa mikono yenye damu au uchafu unaoonekana, wala unapomhudumia mtu anayeharisha. Kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Wengi hukumbuka kunawa wakishamgusa mgonjwa. Wanachosahau ni neti yake, faili lake na reli ya kitanda. Ukivishika hivyo tu, bado unadaiwa kunawa.

Jiki tuchanganye vipi kwa kufuta damu sakafuni? (Mhudumu, Kasulu)

Soma chupa kwanza. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa sita vya maji kinakupa asilimia 0.5. Changanya upya kila siku. Ya jana imwage.

Pete ya ndoa nivue? (Daktari, Kigoma mjini)

Vua. Mkeo atakuelewa.